Thelathini Nukta Nane

Jumamosi, 2 Machi

Daftari hili si langu. Dada wa mazoezi ya viungo kule hospitali alimpa mume wangu, juu ya jalada akaandika kwa kalamu nyekundu MAZOEZI YA KILA SIKU, na ndani akapiga mistari: tarehe, umekunja kifundo mara ngapi, maumivu kiasi gani. Bwana Ngazi alilitupa juu ya cherehani yangu. "Mimi si mwanafunzi," akasema. Basi nimelichukua mimi. Safu ya mazoezi naiacha pembeni, akijisikia atajaza.

Bwana Ngazi ni jina nililomtania nalo tangu uchumba. Ni fundi rangi, nusu ya maisha yake kaishi juu. Mwaka jana ngazi iliteleza kwenye sakafu yenye maji, goti likagonga ukingo wa kibaraza, na neva inayopita pembeni mwa goti ikakatika. Mfupa haukuguswa. Mguu unakanyaga, unabeba, ila unyayo haunyanyuki. Anauburuza kama kandambili iliyokatika. Kigimbi kimenywea.

Leo nimempima kwa tepu yangu, ile niliyopewa na fundi aliyenifundisha kazi miaka ishirini na miwili iliyopita. Kigimbi cha mguu mzima, sentimita 35. Mguu mgonjwa, 30. Mvua ya kwanza imeanza nikiwa bado nimepiga magoti.

Jumapili, 3 Machi

Mvua. Safu ya mazoezi tupu.

Jumanne, 5 Machi

Hospitali. Dada wa viungo ni mwanamke mfupi, mikono yake ina nguvu kuliko ya mwashi. Alimlaza Bwana Ngazi, akaukunja unyayo juu, chini, juu, chini. "Kifundo bado laini," akasema. "Hiki ndicho kitu chenu cha kulinda."

Akatueleza. Mwezi wa tano anakuja daktari wa upasuaji kutoka mbali, wiki mbili tu. Anachukua kano moja inayofanya kazi upande wa ndani wa mguu, anaipitisha na kuishona juu ya unyayo. Kano ile itajifunza kazi mpya, itanyanyua unyayo. Sisi ni namba sita kwenye orodha.

"Nitapanda ngazi?" Bwana Ngazi akauliza.

"Utatembea bila kuburuza. Ngazi fupi, labda, kwa uangalifu. Kukimbia, hapana. Mguu wa zamani haurudi, kaka yangu, sitakudanganya."

"Kwa hiyo mnanitia kiraka."

"Kiraka kizuri. Lakini kifundo kikikaza, hata kiraka hakitashika. Mkunje kila siku mara mia, kwa kitambaa."

Mimi nimeshona viraka maisha yangu yote na sioni aibu yake. Suruali yenye kiraka inavaliwa. Lakini yeye njia nzima alinuna, na tulipofika nyumbani akageuza uso ukutani.

Ijumaa, 8 Machi

Wifi yangu, dada yake mkubwa, kaja amelowa chapachapa na habari mkononi. Kuna kliniki mjini wanatibu kwa seli shina. Wanakutoa uboho wa mfupa kwenye nyonga, wanauchuja, wanakuchoma palepale palipokufa. Neva inaota upya. Alituonyesha picha kwenye simu: mzee kwenye kiti cha magurudumu, na mzee yuleyule kasimama.

"Dada wa viungo alisema haurudi," nikasema.

"Huyo anajua kukunja tu," wifi akajibu. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mimi guu limevunjika kwanza," Bwana Ngazi akasema. "La mkuu ndiyo nalisikia leo." Akacheka. Mwaka mzima sijamsikia akicheka hivyo, na kwa kicheko kile ningekubali chochote.

Jumatatu, 11 Machi

Kliniki iko ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani. Sakafu inateleza, wakamletea mkeka wa mpira apite. Daktari wa seli ni kijana mstaarabu, shati limenyooshwa vizuri, mshono wa bega umekaa palepale panapotakiwa. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana alituomba tusikilize: "Tiba hii bado inachunguzwa. Wapo wanaopata nafuu, wapo wasiopata kitu. Nafuu si kupona. Kwa neva iliyokatika zaidi ya mwaka, mimi siahidi."

Akatupa karatasi tutie sahihi. Ngazini wifi, aliyetusindikiza, akaninong'oneza, "Hayo lazima wayaseme, ndiyo sheria yao." Na mimi nikamwamini wifi kuliko daktari mwenyewe.

Jumanne, 12 Machi

Nimeuza mashine ya overloki. Pindo nitazungusha kwa mkono.

Jumatatu, 18 Machi

Wamemchoma. Alitoka anachechemea huku anatabasamu, plasta nyongani, plasta tatu gotini. Daktari akasema wiki mbili asiukunje mguu wala asiulemee, kisha arudi kwenye mazoezi yake kama kawaida.

Njiani Bwana Ngazi akasema nimsubiri chini ya paa la duka moja la vifaa vya ushonaji, akaingia mwenyewe akiburuza. Katoka na tepu mpya, ya njano, ngumu, inanukia duka. "Mguu mpya unapimwa kwa tepu mpya," akasema. Nililia pale barabarani, mvua ikanisitiri. Ile ya zamani nimeitundika msumarini nyuma ya mlango, ipumzike.

Jumamosi, 23 Machi

Hatupimi mpaka Jumamosi ijayo. Mvua.

Jumamosi, 30 Machi

30.8.

Nilipima mara tatu. Nikavua miwani, nikaifuta, nikapima tena. Thelathini nukta nane. Nilipiga vigelegele mpaka mpangaji wa chumba cha pili akatoka kuuliza nani kajifungua. "Mguu!" Bwana Ngazi akamjibu. "Mguu umejifungua nyama!" Wifi akapigiwa simu, akalia upande wake, sisi tukalia wetu.

Karibu sentimita nzima chini ya wiki mbili. Nimeikata nguo kwa tofauti ndogo kuliko hiyo na ikamkaa mtu. Najua sentimita ni nini.

Jumatatu, 1 Aprili

Dada wa viungo kapiga simu. Habari za kliniki anazo, nilimwambia mimi. Wiki mbili zimeisha, arudi kwenye kukunja. Bwana Ngazi kakataa. "Nyama imeota nikiwa nimepumzika. Nikianza kuvuta vuta nitazing'oa hizo seli kama mche."

Nilimweleza dada kuhusu ile nukta nane. Akauliza, "Mama, kidole gumba kinanyanyuka?"

"Bado."

"Basi mkunje."

Nilikata simu nikiwa na hasira naye. Watu wengine hawapendi kusikia heri ya mwenzao.

Jumamosi, 6 Aprili

30.8. Imetulia.

Jumatano, 10 Aprili

Mwalimu mkuu kaja kuchukua suti yake. Koti halikufunga. Vipimo vyake ninavyo kwenye daftari la wateja miaka minane, sijawahi kumkosea. Nikamwambia, "Mwalimu, shule imekupenda mwaka huu." Akashika tumbo, akacheka, akaapa kuacha sukari. Nimeiachia mishono ya pembeni.

Jumamosi, 13 Aprili

30.7. Uvimbe wa sindano unashuka, kwa hiyo iliyobaki ni nyama halisi. Ndivyo nilivyomwambia.

Jumatano, 17 Aprili

Karani wa posta kaleta gauni lake lirudiwe, linambana kifuani. Huyu naye vipimo vyake ni vya mwaka jana. Sikuthubutu kumtania, ana ulimi. Nikamwambia vitambaa vya msimu huu vinakaa ghalani na unyevu, vikikauka vinakaza. Nikajisikia fundi mwerevu.

Jumamosi, 20 Aprili

30.6. Huenda nilivuta sana. Nimemsomea "nukta nane" kwa sababu alikuwa kafumba macho anasubiri.

Jumatano, 24 Aprili

Naandika mchana, cherehani imesimama, maana siwezi kushona.

Asubuhi dada wa viungo kaja mwenyewe mpaka mlangoni, viatu mkononi kwa ajili ya matope. Orodha inafungwa leo. Alitaka jibu la mdomo. Akamtazama Bwana Ngazi kitandani, akataka kumgusa unyayo, Bwana Ngazi akauvuta kando.

"Kaka, sijakuja kugombana. Wewe ni namba sita. Daktari anakuja tarehe sita, anaondoka tarehe kumi na saba, na sijui kama mwakani atarudi. Nyuma yako yupo muuza mikate, ameumia kama wewe, anajikunja mpaka analia. Ukisema hutaki, nafasi ni yake."

"Na nikikatwa hiyo kano," Bwana Ngazi akasema, "halafu neva ikaota, nitakuwa nimeuharibu mguu huu kwa haraka yangu. Sivyo?"

"Ikiota. Miezi kumi na tano sasa, kaka. Sijaona ikiota."

"Wewe hujaona. Mke wangu kaona."

Akanigeukia. Nilikuwa nimesimama kati ya kitanda na cherehani, tepu ya njano shingoni. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, sauti ambayo huitumia tunapokuwa wawili, "Mimi sielewi neva. Wewe ndiye fundi, tepu ni yako. Niambie ukweli nami nitaufuata. Mguu unakua au haukui?"

Nilijua kuna 30.7, na kuna 30.6. Nilijua. Lakini nilikumbuka vilevile ile 30 ya mwanzo, na thelathini nukta sita bado ni zaidi ya thelathini, hilo hata mtoto anajua. Na nilitazama uso wake. Siku arobaini uso huo haujageukia ukuta.

"Unakua," nikasema.

Dada wa viungo alivaa viatu vyake pale pale ndani, akatupita. Mlangoni akanishika mkono. "Mkunje basi, mama. Hata kama humpeleki. Mkunje."

Hatukumkunja.

Jumamosi, 27 Aprili

30.5. Nimesoma "nukta nane".

Jumamosi, 4 Mei

Sijaangalia tepu vizuri. Mvua imevunja bati la jikoni.

Jumanne, 7 Mei

Daktari wa upasuaji kafika jana. Muuza mikate kalazwa.

Jumatano, 8 Mei

Bwana harusi mmoja alikuja saa saba kujaribisha suti. Vipimo vyake nilivichukua Februari, akiwa anatoka kuposa. Koti halikufunga. Suruali ilikwama mapajani.

Nilifungua mdomo nimtanie kunenepa, nikaufunga. Huyu kijana ni mwembamba kama fito. Tena tangu Februari kapungua, harusi inamkosesha usingizi, shati lake mwenyewe limemlegea shingoni. Na kitambaa cha suti kaleta yeye, nimekiosha na kukikausha mwenyewe kabla ya kukata. Mwalimu hakunenepa. Karani hakunenepa.

Nikamwambia arudi Ijumaa. Nikafunga mlango wa kibanda ninachopokelea wateja, nikaenda nyumbani, nikaitungua ile tepu ya zamani nyuma ya mlango. Nikaitandaza mezani kando ya ile ya njano, sifuri kwa sifuri, nikabana kwa pasi. Mwisho wa meza, pale 150 ya njano ilipoishia, 150 ya zamani ilikuwa imeipita kwa sentimita nne.

Imevutika. Miaka ishirini na miwili ya viuno na mabega ya watu, imevutika kidogo kidogo kama mpira wa chupi, na ikawa inanisomea pungufu. Haikunidhuru kwa sababu kupima na kukata nilifanya kwa hiyo hiyo, mpaka nilipoanza kukatia ya njano. Kitu cha kwanza nilichofundishwa katika kazi hii, hata kabla ya kutunga uzi, ni hiki: tepu uliyopimia ndiyo uikatie. Nilipigwa rula vidoleni kwa hilo. Nimewapiga wengine.

Bwana Ngazi alikuwa amelala usingizi wa mchana, miguu yote miwili nje ya shuka. Nikapiga magoti. Nikapima mguu mzima, ambao hakuna aliyeuchoma kitu, kwa tepu ya njano. Machi, kwa ile ya zamani, ulikuwa 35.

35.9.

Nao umeota.

Nilikaa sakafuni. Nilitaka kucheka, kikatoka kilio, nikauma pindo la shuka ili asisikie. Hakuna nyama iliyoota. Hata nukta moja. Nimeuza overloki, nimemnyima mtu kano yake, nimempigia vigelegele tepu.

Alhamisi, 9 Mei

Mvua. Sikula.

Jumamosi, 11 Mei

Amenyoosha mguu mwenyewe juu ya stuli, kafumba macho. "Soma, fundi."

"Nukta nane."

Mungu anisamehe.

Jumatatu, 13 Mei

Nilipiga simu kliniki. Daktari wa seli alinikumbuka, akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akasema kwa upole, "Mama, siku ile niliwaambia siahidi. Na kupumzisha mguu nilisema wiki mbili. Nani aliwaambia miezi miwili?"

Nilimtafuta huyo nani. Nimefunua daftari hili nyuma hadi 11 Machi, maneno yake yamo, kwa mwandiko wangu, hata mshono wa shati lake nimeuandika. Nilikuja kumlaumu, sina pa kumshikia. Kinyozi hajinyoi, na fundi hajipimi.

Jumanne, 14 Mei

Nimemwambia.

Nilianza na suti ya bwana harusi, nikaenda polepole mpaka kwenye zile sentimita nne. Nilileta tepu zote mbili kitandani ili aone. Hakuzigusa. Aliangalia nje, bati linavuja, sufuria chini yake inagonga tone moja moja.

"Kila asubuhi kabla hujaamka," akasema, "nakiambia kidole gumba: nyanyuka. Tangu Machi. Hakijawahi. Nikawa najiambia, mke wangu kapima, tepu haiwezi kusema uongo, basi kidole ndicho kinachodanganya." Akaufunika unyayo kwa shuka. "Nani atabishana na fundi kwa tepu yake?"

"Nipige," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Hajawahi kunipiga.

"Nenda kampigie yule dada."

Alhamisi, 16 Mei

Dada wa viungo katuingiza kwa mlango wa nyuma. Daktari wa upasuaji anaondoka kesho. Mtu mzima, kachoka, gauni la kijani limemfunguka mgongoni. Hakuuliza kwa nini tulikataa. Aliushika unyayo wa mume wangu, akausukuma juu kwa kiganja.

Haukwenda.

Akasukuma tena, kwa uzito wa mwili wake sasa. Bwana Ngazi akatoa sauti. Kifundo kimekaza kama mlango uliovimba kwa mvua.

"Kwa kifundo cha Machi ningekufanyia," daktari akasema. "Leo nikishona kano juu ya kifundo hiki, haina cha kunyanyua. Itakatika." Aliyasema akimtazama yeye, si mimi, na nikamshukuru kwa hilo.

"Nikijikunja mpaka mwakani?"

"Jikunje. Kinaweza kulegea kidogo. Kama nitarudi, nitakutazama. Usinitegemee."

Kwenye korido tulimpita muuza mikate kitandani, mguu umefungwa plasta ngumu hadi gotini. Hakujua sisi ni nani. Alitusalimia kwa furaha, "Poleni na mgonjwa!" Bwana Ngazi akamjibu, "Tumeshapoa." Dada wa viungo aligeukia dirisha.

Jumamosi, 18 Mei

Hakunyoosha mguu. Sikupima.

Jumatano, 22 Mei

Wifi kaja. Kasema tulikosa imani, ndiyo maana. Nilimpa mwavuli wake.

Jumamosi, 25 Mei

Hakunyoosha mguu. Kauliza tu kama mvua imekwisha. Nimemwambia imekwisha, bado inanyunyiza.

Jumamosi, 1 Juni

Jua. Matope yamekuwa vumbi kwa siku tatu.

Mnunuzi wa ngazi alikuja asubuhi. Sikujua kama kaitwa. Bwana Ngazi kamwelekeza mwenyewe akiwa kitandani: ile ndefu, ile ya kukunja, ndoo zote, brashi pana usiiache. Alipouliza bei mume wangu akasema, "Bei unayoona." Ukutani kwenye korido imebaki mistari miwili myeupe zilipokuwa zimeegemea, yeye mwenyewe ndiye aliyepaka rangi ukuta ule.

Mchana akaniita. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu umenyooshwa juu ya stuli. Macho wazi.

"Leo Jumamosi," akasema. "Pima."

Nilivua ile ya njano shingoni, nikaizungusha. Nikasoma mara mbili. Thelathini kamili. Namba ileile ya Machi, kana kwamba msimu mzima haukuwepo, kana kwamba hatukuharibu kitu. Ningeweza kuishia hapo. Nilitamani niishie hapo.

"Thelathini," nikasema.

Alitikisa kichwa. "Machi ulinipima kwa ipi?"

Nikatazama nyuma ya mlango.

"Kailete."

Nikaitungua nyuma ya mlango. Imelegea, namba zimefifia, ukingo umechanika nyuzi. Nikazungusha.

"Soma."

"Ishirini na tisa nukta mbili."

Kisha akanyoosha mkono kwenye cherehani, akachukua daftari, akalifungua mwanzo. Akafunua kurasa moja baada ya nyingine, si upande wangu, upande wake, ile safu ya kalamu nyekundu. Machi, Aprili, Mei. Tupu yote mpaka chini. Nilikuwa nimesahau kwamba naandika pembeni mwa kitu.

"Andika," akasema. "Hiyo ya mwisho."

29.2.

Akachukua kitambaa, akakipitisha chini ya unyayo, akavuta. Haukwenda. Akavuta.